Geji ya Mizunguko

Mteja alitaka geji ya mizunguko ya injini irekebishwe. Gari lake la silinda nne lilikuwa limefungwa injini ya silinda sita, na sasa mshale ulidanganya.

"Injini umeipata wapi, kaka?" Fundi Mbwiga aliuliza, akibadilisha rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, nyuma ya geji.

"Mnadani."

Mbwiga akafungua boneti aunge waya. Kwenye waya wa injini akakuta uzi mwekundu, mafundo matatu. Ni yeye tu aliyefunga waya hivyo, na huu aliufunga kwenye injini ya gari la mdogo wake, ambaye aliondoka nalo wakati wa mavuno na hakuonekana tena.

"Tayari?" mteja aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Washa."

Mshale ukapanda, ukatulia kwenye mizunguko mia nane kwa dakika. Ulisema kweli. Mbwiga akapitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

"Mnada wa wapi?"