Doto wa Bwawani

Nukta mbili zilitokea kwenye skrini ya rada ya Renatus, mwongoza ndege, moja juu, nyingine chini yake.

"Hiyo ya chini ni nini, kaka?" aliuliza mwenzake wa zamu.

"Doto huyo," Renatus alicheka.

Ndege ikipita chini sana juu ya bwawa, maji hurudisha mawimbi ya rada, na nukta moja huzaa pacha. Ile ya kweli walizoea kuiita Kulwa, ya uongo Doto. Akamfuta Doto kwenye skrini, kisha akamwambia rubani wa Kulwa, ndege ya kunyunyizia dawa kweleakwelea wala nafaka, "Chini kweupe. Shuka."

"Nashuka."

Ndipo alipotazama dirishani. Katikati ya bwawa ng'ombe walikuwa wakitembea, kwato zikitimua vumbi. Kiangazi kilikuwa kimekausha upande ule wote. Hapakuwa na maji ya kuzaa pacha. Doto aliyemfuta alikuwa ndege nyingine ya kweli.

Mwenzake naye alikuwa akiwatazama ng'ombe walewale. Renatus alihisi masikio yakiwaka moto kwa aibu.

Akabonyeza kitufe cha redio. Neno lililotakiwa lilikuwa "Panda."

"Samahani," alisema.