Tisa Kwenye Vumbi

Dereva hakuosha lori lake hadi Kampala na kurudi. Sudoku, lile fumbo la namba, ilikuwa kwenye mlango wa nyuma, aliyoichora kwa kidole kwenye vumbi wiki jana, foleni ya malori mpakani Malaba ilipokwama: miraba mitano mikubwa iliyopandana pembeni. Akikosea namba hata moja, walikubaliana, atauza chai asubuhi nzima badala ya Emmaculate, muuza chai wa hapo kwenye foleni.

"Zimebaki nafasi kumi tu, dada," alisema, mikono kifuani.

Emmaculate aliweka birika chini. Alisimama mbele ya pembe ambayo ni ya mraba mmoja wa juu na pia ya ule wa katikati.

"Hizi nafasi mbili za laini moja ziko wazi. Ukisoma mraba wa juu, zinakubali nne na tisa peke yake. Gani iende wapi, sijui. Lakini tisa lazima ikae kwa moja yao."

"Sawa."

"Sasa shuka na laini hiyo hiyo mpaka katikati, na namba hairudiwi kwa laini moja. Hii tisa yako imetoka wapi, boss?"

Dereva alihesabu kwa midomo, mara mbili. Madereva wenzake walianza kucheka.

Emmaculate alichovya kidole kwenye chai, akaifuta ile tisa polepole. Kisha akavua aprona, akamfunga dereva kiunoni.

"Huyu mteja wako wa kwanza," akasema, "hatumii sukari."