Mars ya Mwalimu Josia

Pamba ilikuwa imekaa vizuri juu ya kipara cha Mwalimu Josia, na hilo ndilo jambo pekee lililokwenda sawa asubuhi ile. Alikuwa amesimama juu ya kreti la soda kwenye uwanja wa mnada, nje kidogo ya Bariadi, koti jeupe la maabara limembana tumbo, pampu ya baiskeli mkononi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi. Mwenzenu alikuwa anatafuta mke kwa njia ya fizikia.

Si utani. Mzee Ngeleja, baba yake Milembe, alishamwambia waziwazi: "Binti yangu simpi mtu ambaye watu hawamsikilizi."

Na Josia, tuseme ukweli, alikuwa hasikilizwi. Alipoomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji aeleze habari za mionzi ya jua na nyota, watu walikumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kunywesha. Alipojaribu kanisani, kwaya ilianza kuimba hajamaliza hata kusalimia.

Kisha wiki iliyopita Mzee Ngeleja mwenyewe akampigia simu.

"Mwalimu, Jumamosi njoo uwanjani uwaeleze watu hayo mambo yako. Spika nitakupa."

"Lakini baba, Jumamosi si ndiyo mashindano ya ngoma?"

"Ndiyo hiyohiyo. Uje na koti lako. Na usipunguze kitu, hasa ile ya Mars."

Josia akaelewa: huu ni mtihani, tena mgumu. Mashindano ya ngoma Usukumani hayaangalii nani kakanyaga vizuri. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na linalozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Nani angeacha ngoma aje kusikiliza sayari?

Ngeleja alikuwa manju, kiongozi wa kundi la Bagalu. Wapinzani wao, Bagika, waliletwa na Maige kutoka Lingeka, na Maige haji mikono mitupu. Mwaka jana alileta fisi kwenye kamba. Mwaka huu alikuja na chatu mnene kama paja la mtu mzima, na tangu asubuhi watu walikuwa wamemzunguka yeye tu. Upande wa Ngeleja hapakuwa na cha ajabu. Watu walimhurumia mzee wa watu.

"Simama hapahapa, mbele ya wachezaji wangu," Ngeleja alisema, akamfunga Mwalimu kitambaa chekundu mkononi.

"Cha nini, baba?"

"Vijana wa spika wakutambue."

Milembe alikuwa nyuma ya baba yake, kiganja kimeziba mdomo. Josia akadhani anamwombea. Moyo ukapata nguvu, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Jua halitupi mwanga tu! Linatutupia chembechembe kwa kasi ya ajabu, usiku na mchana. Nyota za mbali nazo zikilipuka, mionzi yake inatufikia. Sasa, hiki kichwa changu ni sayari ya Mars. Hii pamba ni hewa yake."

Mama mmoja mwenye beseni la karanga akageuka. "Eti kichwa chake ni nini?"

"Zamani Mars ilikuwa na maji, mito kabisa! Ilikuwa na sumaku ya kuikinga. Ikapoa tumboni, sumaku ikafa. Tazameni jua lilivyoifanya!"

Akajielekezea pampu, akasukuma. Pamba ikaruka, ikatua puani kwa mpiga ngoma, naye akapiga chafya iliyosikika mpaka kwa chatu. Kipara kikabaki kinang'aa.

"Hewa imekwenda! Maji yamekwenda! Hakuna hata jani la kumpa mbuzi!"

Watu wakaangua kicheko. Josia akafurahi, maana kwa uzoefu wake wanaocheka ni wale walioelewa. Akarudisha pamba kichwani, akaifunika kwa sufuria aliyokuja nayo.

"Sasa mimi ni Dunia! Sufuria ndiyo sumaku yetu!" Akasukuma pampu mpaka mkono ukamuuma. "Pamba imetoka? Haijatoka! Bila hii sufuria, jamani, tusingekuwepo!"

"Rudia Mars!" mtu akapaza sauti.

Akarudia. Wakataka tena, akarudia tena. Sufuria ilikuwa imemshuka mpaka machoni, na alipoiinua, mama yangu! Uwanja mzima ulikuwa mbele yake. Wazee, akina mama, vijana wamepanda juu ya trekta. Kule ng'ambo Maige alikuwa amebaki na chatu wake, wanatazamana.

Sayansi imeshinda! Josia alitaka kulia kwa furaha. Halafu akagundua kwamba nyuma yake ngoma hazilii tena. Akageuka. Wapiga ngoma wa Ngeleja walikuwa wameweka ngoma chini, wameshika mbavu.

Ameua ngoma ya baba mkwe! Siku ya mashindano, mbele ya Bagika! Milembe ndiyo basi tena.

Akateremka kwenye kreti. Mzee Ngeleja alikuwa anakuja, anajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Baba, nisamehe," Josia alisema. "Wallahi sikujua kama watu wataiacha ngoma yako."

Kabla mzee hajajibu, Maige akawafikia, chatu mabegani, mkono ameunyoosha kwa Ngeleja.

"Umenipiga, manju mwenzangu. Huyu wangu nimemlisha kuku tangu masika. Huyo wako unamlisha nini?"

Mzee Ngeleja akakikaza kile kitambaa chekundu mkononi mwa Mwalimu, sawasawa na vya wachezaji wake wote.

"Huyu nampa Milembe," akasema, "asije akahamia kwenu."