Samaki wa Abdulmajid Ana Haya

Redio ya mapokezi ilikuwa imezimwa, na wageni walivua viatu mlangoni. Aliyeuliza kulikoni alinong'onezwa: "Taratibu, samaki ana haya."

Samaki huyo Abdulmajid alimnunua Dar es Salaam kwa ajili ya hoteli yake ya pale Same, kando ya barabara kuu. Alikuwa mchanga bado, ana madoa, wa jamii ile inayomeza wenzake wazimawazima. Muuzaji alimwita chui wa majini. Abdulmajid alimpakata ndani ya mfuko wa maji safari nzima ya basi, na abiria wakampisha kama mzazi. Alipofika alimkabidhi Doris, mpishi wake, akaamuru mbele ya watu:

"Huyu ni wangu mwenyewe. Mteja yeyote asimguse. Mshughulikie vizuri."

Akaenda kuoga, akaswali, akala, akalala. Alfajiri Doris akaondoka kwenda kwao Kighare kumuuguza mama yake.

Asubuhi Abdulmajid akachungulia tangi lake jipya la kioo. Mawe yapo, chungu cha kujifichia kipo, samaki haonekani. Akampigia muuzaji.

"Yumo chunguni," alijibu muuzaji, hata kufikiri hakufikiri. "Wakali wote wakiwa wadogo ni waoga. Punguza mwanga, punguza kelele, mpe visamaki vilivyo hai. Na usimchokore, atakufa kwa mshtuko."

Basi, makubwa! Mkewe, Mwanaidi, aliyekwisha kuwatoa mabibi harusi wengi, alisema dawa anaijua: mwali hatazamwi hovyo kabla ya siku yake. Akalifunika tangi kwa kanga, na kila jioni akakaa kando akiliimbia kwa sauti ya chini. Perege wadogo wakaletwa wazima kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, wakamiminwa humo wawe chakula.

Wiki zikapita. Chakula kikanenepa, mlaji haonekani.

"Ana adabu huyu," alisema Mwanaidi. "Hali mbele za watu."

Adabu hiyo Jabiri hakuwa nayo. Jabiri ana hoteli ng'ambo ya barabara, na alitangaza stendi nzima kwamba mwenzake katoka Dar na mfuko wa maji matupu. Abdulmajid alitaka kumpeleka baraza la kata, maana Mpare na kesi ni chanda na pete. Wakasuluhishwa hivi: Jumamosi, baada ya adhuhuri, kanga ifunuliwe. Samaki akionekana, Jabiri ataomba radhi hadharani. Asipoonekana, Abdulmajid atakishusha kile kibao chake cha "Hoteli ya Kitalii". Kibao hicho alikipenda kuliko baadhi ya shemeji zake.

Jumamosi mapokezi yakafurika. Mwanaidi alikuwa amepika pilau sufuria zima, na harufu yake iliwatangulia watu hadi barabarani. Akafunua kanga kwa kigelegele, akakumbuka haya ya mwali, akajiziba mdomo.

Watu wakainama. Perege wanono walikizunguka chungu bila wasiwasi wowote. Wakatazama wee, mpaka viuno vikauma. Abdulmajid jasho lilimtiririka, na Jabiri alikwisha kuanza kukipima kibao kwa macho.

"Pilau," alisema Mwanaidi polepole, "itapakuliwa samaki akishaonekana."

"Mkia ule pale!" akapaza sauti mwenye duka la dawa.

Mwalimu mstaafu akaona mapezi, tena akaanza kueleza kazi zake. Mzee mmoja wa Msangeni, ambaye hata tangi alilipata kwa kupapasa, aliapa ameyaona meno. Akabaki Jabiri peke yake. Ukumbi mzima ukamgeukia, na macho ya watu wenye njaa si ya kuchezea.

"Jicho," alisema Jabiri, akameza mate. "Nimeliona jicho. Kanikodolea."

Akaomba radhi, akapewa sahani. Kibao kikabaki juu. Abdulmajid nusura alie kwa furaha. Alizunguka akigawa soda na kuwafundisha watu jinsi ya kumlea samaki mkali mwenye haya: subira, heshima na giza kidogo. Hata mwalimu alikuwa akimsikiliza kwa makini.

Doris akaingia katikati ya shangwe hiyo, begi begani, mama yake kapona. Akawaamkia wakubwa, akapenya hadi kwenye tangi, akawatazama perege kwa jicho la kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Doris! Karibu, karibu, umekuja siku njema."

"Hawa nao nikukaangie mwenyewe, kama yule uliyekuja naye kutoka Dar, au leo na wateja wanakula?"