Matusi Kwenye Tovuti ya Mzee Semboja

MWENYE GESTI HII HULA NDIZI NA MAGANDA YAKE.

Herufi nyekundu, kubwa, juu kabisa ya tovuti. Jana zilisema kwamba Mzee Semboja hukoroma mpaka mabasi ya Mombo yanapisha njia.

Yuditha alijishika kichwa. Hii ilikuwa wiki yake ya kwanza ya kutunza tovuti ya gesti hiyo, tena kwa majaribio. Mzee alikuwa anakuja leo kuikagua. Akichukia, Yuditha arudi kwao Vugiri akapalilie maharage.

"Ana adui huyo," alisema Hamisa, mwenye kafe ya intaneti pale Korogwe. "Au mke aliyeachwa."

"Adui gani aingie bila nywila?"

Yuditha alifungua kabrasha la tovuti kwenye seva ya kukodi, akatazama ruhusa zake. Saba, saba, saba.

"Mama yangu! Dada Hamisa, hii siyo tovuti, ni uwanja wa maonyesho! Kila mpangaji wa seva hii anaingia humu na kuandika apendavyo."

"Nani kaiacha hivyo?"

"Aliyekuwepo kabla yangu. Mzembe wa kupindukia."

Akayafuta matusi. Kabrasha akaliwekea saba, tano, tano: mwenyewe aandike, wengine wapite na kusoma tu. Mafaili nayo akayabana. Kufikia mchana ukurasa ulikuwa bado unang'aa, hauna doa.

Mzee Semboja akaingia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hebu nione."

Alivaa miwani, akasoma kutoka juu hadi chini. Akarudi juu, akasoma tena, pua ikikaribia kioo.

"Leo hajaandika?"

Yuditha akashtuka. Kumbe mzee alikuwa akiyaona matusi! Akajikaza.

"Hataandika tena, mzee. Nimemfungia nje. Hata aje na shoka, haingii."

"Umemfungia?"

"Kabisa!"

Hamisa alicheka. Mzee hakucheka. Alivuta kiti, akaketi taratibu, akavua miwani.

"Huyo ni Mhina, binamu yangu wa Handeni, mpangaji mwenzangu kwenye seva hiyo na mtani wangu tangu utoto," alisema. "Kiharusi kilipomnyang'anya sauti, mimi mwenyewe ndiye niliyeomba mlango huo uachwe wazi."