Tulipu Chini ya Dirisha

Tumba la saba nalo lilikuwa limetoweka.

Tineke aliliona pengo hilo kabla hata hajavuka ugo uliotenganisha bustani yake na ya jirani. Jana jioni tumba lilikuwepo, limenenepa, ncha imeanza kupiga wekundu. Asubuhi hii kimebaki kikonyo kitupu katikati ya majani. Akatoa tusi kwa sauti, tusi ambalo mwanakwaya wa kanisa hakupaswa hata kulijua.

Yangekuwa maua ya mtu mwingine asingejisumbua. Lakini hizi zilikuwa tulipu za Roelof. Alizipanda Oktoba, amepiga magoti chini ya dirisha la sebule, na alipomaliza hakuweza kuinuka mwenyewe. Ugonjwa wa misuli ulianzia mikononi, ukashuka miguuni, na sasa ulikuwa umefika kooni. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, kikasogezwa dirishani. Hakutaka mchungaji, hakutaka wageni. Alitaka kuziona zikichanua mara moja kabla hajafa, basi. Kijiji kizima tulijua hivyo.

Na bahati ilimkataa. Mvua za Januari ziliozesha zaidi ya nusu ya vitunguu vya maua ardhini. Sungura wakala machipukizi ya kwanza. Machi ikaja na baridi ya ghafla, ikalaza mengine. Zikasalia tulipu tisa, zikanyanyuka, zikatoa matumba, na ndipo jambo hili likaanza: tumba likikaribia kufunguka, kesho yake halipo.

"Konokono," alisema Aleida, mke wa Roelof, walipokaa jikoni saa nne kwa kahawa. Alimpa Tineke biskuti moja, akafunga kopo, kama tufanyavyo wote huku.

"Konokono gani, mwenzangu? Konokono anatafuna, anaacha na utelezi wake. Hiki kikonyo kimekatwa kikakatika! Hao wa kwako wamesomea ushonaji?"

Aleida hakucheka. Alitazama kikombe chake. Tangu majira ya baridi alikuwa hivyo, hana machozi, hana hasira, ukimuuliza anajibu, usipomuuliza ananyamaza. Tineke naye alishamzika mume. Aliijua ganzi hiyo, na alimhurumia sana.

"Basi ni njiwa. Nitaweka wavu."

"Weka ukipenda."

Akaweka wavu. Akafukia na vikombe vya bia ardhini ili konokono wazame humo, na haikuwa bia ya kutupa. Tumba la nane likaenda vilevile.

Daktari Bakema alikuja kila Jumatatu kwa baiskeli. Akishamaliza na mgonjwa husimama dirishani, mikono nyuma, akitazama chini.

"Bado?" huuliza.

"Bado," hujibu Aleida.

"Haya. Mimi sina haraka." Kisha huvaa koti lake na kuondoka. Tineke alimpenda kwa hilo. Madaktari wangapi siku hizi wana muda na maua ya mgonjwa?

Siku moja Tineke alimkuta Roelof macho, akamkalia karibu na mto.

"Umelala walau kidogo, mzee wangu?"

"Sijalala." Maneno yalitoka moja moja, kila moja na pumzi yake. "Nimechoka... kungoja."

"Usinikatie tamaa sasa. Limebaki moja, na hilo nitalilinda kwa meno. Hao konokono wamenizidi ujanja, lakini nami ni mkorofi."

Roelof aligeuza macho kwa mkewe, aliyekuwa akikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Muache," alisema. Tineke alidhani anamsemea konokono.

Tumba la tisa liliondoka Alhamisi. Tineke alisimama pale na wavu wake usio na kazi, moyo ukamuuma kana kwamba mgonjwa ni wake. Hata kuingia kunywa kahawa hakutaka.

Ijumaa alikuwa akipalilia nyuma ya banda lake alipoona kitu chekundu kati ya magugu. Tulipu. Yeye hakuwahi kupanda tulipu maishani mwake. Alizoea kusema ni maua yanayodeka kama mume mwenye mafua. Panya wa mashambani, bila shaka, walikibeba kitunguu kutoka kwa jirani wakaja kukificha hapa, wakakisahau. Ua lilikuwa limefunguka wazi, unaona hadi weusi wa chini.

Alilichimbua na udongo wake, akalitia kwenye ndoo, akaingilia mlango wa nyuma bila hodi na viatu vyake vya mbao miguuni.

"Roelof! Tazama! Ni yako hii! Panya walikuibia wakakutunzia kwangu!"

Akaiweka ndoo kwenye meza ya kitandani, mbele ya macho yake kabisa. Roelof aliitazama muda mrefu. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Krismasi, na Tineke akaanza kulia kwa furaha kama mtoto.

Aleida alikuwa mlangoni. Hakusogea.

"Mbona hufurahi, dada?" Tineke alimuuliza. "Si ndiyo hii tuliyokuwa tukiisubiri?"

"Leida," Roelof aliita taratibu. "Mpigie daktari. Mwambie imechanua. Aje na ile sindano ya mwisho... kama tulivyokubaliana."

Akavuta pumzi, akangoja ya pili ije.

"Nilikuwa nakuona kila alfajiri, mke wangu, wewe na mkasi. Wiki tatu ulizoniongezea... zimenitosha."