Mwamvuli wa Upande Usio na Jua

Jua la saa tisa lilikuwa likimchoma Laban Wepukhulu shavu la kulia, naye alikuwa anaufunga mwamvuli wake upande wa kushoto.

Aliufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli kwenye mguu wa kiti chake, kile kiti chepesi cha kukunja alichoachiwa na Mzungu mmoja wa bandarini aliyerudi kwao baada ya uhuru. Mafundo matatu. Akautikisa, akarudia fundo la chini, akautikisa tena. Haukusimama juu ya kichwa kama miamvuli mingine ya ufuoni Dunga, Kisumu. Aliulaza ubavuni, umefunguka wote, kama mlango. Kisha akarusha ndoana majini na kuanza kutoka jasho.

"Omera, hiyo mwamvuli umeweka upande mbaya," alisema Opiyo, jirani yake. Opiyo alikuwa akiziba nyufa za mtumbwi hatua chache kutoka pale, kazi ambayo huyaacha macho na masikio huru. "Jua iko huku."

"Najua," alisema Laban. "Niangalilie tu kama imekaza. Upepo ikiibeba, mimi nimekwisha."

Opiyo alikwenda akauvuta. Ulikuwa umekaza.

Ulikuwa mwezi wa tatu tangu Nabwire, mke wa Laban, ajitwike sanduku na kurudi kwao Bungoma na mtoto mgongoni. Hakupigwa wala hakutukanwa. Siku mtoto alipobatizwa, baba mtu alikuwa ziwani akingoja ngege wanase ndoana. Nabwire akasema basi, ziwa na limpikie. Tangu hapo Laban alikonda hata sare yake ya kazi ya bandarini ikawa kama ya kuazima. Opiyo alimhurumia kwa moyo wote, na mkewe, Beldina, akawa anamtaja Laban kanisani kila Jumapili, Mungu amrudishie mke.

Huruma ya Opiyo iliisha Jumamosi mbili zilizopita, mwanamke mmoja alipotokea.

Leo pia alikuja vilevile. Alikohoa akiwa mbali, nyuma ya mafunjo. Laban akageuza uso wote majini. Mwanamke akaja upandeupande, amejifunika leso hadi kwenye nyusi, akaketi chini upande wa pili wa mwamvuli, penye kivuli, akanyoosha miguu yenye vumbi la safari. Ndipo wakaanza kuzungumza, kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini ya watu walio kanisani.

Opiyo hakujua Kibukusu. Lakini jina la Nabwire alilisikia, tena si mara moja. Wanamsengenya mtoto wa watu, alisema moyoni, akapiga nyundo mahali ambapo hapakuwa na msumari.

Ngege wa kwanza aliponasa, Laban alimweka juu ya jani, akalisukuma jani chini ya ukingo wa mwamvuli, akarudisha mkono upesi kabla mkono wa upande wa pili haujatokea. Hata vidole havikugusana. Opiyo alikuwa amewaona wazinzi wengi hapa Kisumu, lakini wenye adabu kama hawa hakuwahi. Hao ndio wabaya zaidi, aliamua.

Mwanamke alipokwenda kumwosha samaki nyuma ya mafunjo, Opiyo aliinama sikioni mwa rafiki yake.

"Bwana Laban. Na bibi yako akirudi leo?"

"Nitafurahi sana."

"Na huyu mama?"

Laban alivuta kofia yake mbele. "Huyu ndiye tegemeo yangu, Opiyo. Yeye akinikataa, nitakufa bila bibi."

Opiyo alirudi kwenye mtumbwi wake akiwa na uchungu kana kwamba aliyeachwa ni yeye. Alimwona mwanamke akitoka mafunjoni na samaki wake. Kabla ya kuketi, mwanamke alipunga mkono kuelekea barabarani, mara moja tu, kama anayemfukuza nzi.

Saa kumi upepo ukaanza. Fundo la juu likaachia. Na kwenye njia itokayo barabarani Opiyo akamwona Nabwire, sanduku lilelile kichwani, mtoto mgongoni.

Aliitupa nyundo akakimbia kumpokea. Rafiki ni rafiki, hata akiwa mpumbavu.

"Shemeji, karibu. Beldina amepika chai, pitia kwangu kwanza."

"Asante, shemeji. Laban yuko wapi?"

"Laban alienda Asembo."

"Na ile mwamvuli yake pale?"

Opiyo alinyoosha mkono kulipokea sanduku, na hapo fundo la pili likaachia. Mwamvuli ukainuka, ukayumba. Laban akajifunika uso kwa kofia. Mwanamke akavuta leso hadi kidevuni na kujikunja kifudifudi kwenye nyasi. Hata wao walijua wameshikwa.

Nabwire alitua sanduku akatoka mbio. Opiyo alifumba macho. Alingoja kofi la kwanza, akangoja na la pili.

Hakusikia ila upepo. Alipofumbua macho, Nabwire alikuwa amepiga magoti kati ya wale wawili, ameukumbatia mwamvuli kwa mikono yote miwili, anaurudisha ubavuni mwa kiti, palepale ulipokuwa.

"Shemeji, kuja ushike hapa nifunge," alisema. "Ama unataka mama yangu avunje mwiko, aonane uso kwa uso na mkwe wake?"